Mtani Wangu Alisema Nitazika Mtu, Mimi Nikacheka

Siku ya tatu ya msiba wa dada yangu, mtani wetu mmoja Mnyamwezi aliingia uani kwetu amejifunga khanga kiunoni, spana mkononi.

Akapita katikati ya mikeka, akaruka miguu ya watu, akaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba nilikokuwa nimeegesha tela langu. Akafungua mlango. Akang'oa betri mbili za sola, moja baada ya nyingine, akazifunga nyuma ya pikipiki yake kwa mpira.

Hakuna aliyemzuia. Mtani msibani hazuiwi, wenyeji mnajua.

Wazee walicheka. Kina mama waliokuwa jikoni waliacha masufuria wakaja kuchungulia.

Kabla hajawasha pikipiki akageuka, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani:

"Mluguru kala dada yake. Mimi nakula betri."

Uwanja mzima ukacheka tena.

Mimi nilikaa chini.

Maana kwa hesabu zangu, pale uani palikuwa na watu wawili tu waliojua kwamba yule mtu hakuwa anatania. Yeye na mimi.

Hesabu zangu zilikuwa na kosa, ila hilo nimekuja kulijua juzi juzi.

Naitwa Luqmani, mtoto wa Mji Mpya, Morogoro. Wengi mnanijua kama yule jamaa wa kupeleka wageni milimani.

Majina ya humu sijabadilisha hata moja. Mtaelewa kwa nini mkifika huko chini.

Dada yangu aliitwa Mwanvita. Alinizidi miaka tisa. Mama yetu alipofariki nilikuwa darasa la tatu, na yeye ndiye aliyenilea. Aliniogesha, alinichapa, alinipeleka shule. Mumewe naye alitangulia mapema, akamwachia mtoto mmoja tu wa kike, Mwaisha.

Sasa kwa wasiotujua sisi Waluguru, kwetu ukoo unapita kwa mama. Mtoto wa dada yako ndiye wa ukoo wako. Huyo uliyemzaa wewe anahesabiwa kwa mama yake. Kwa hiyo mjomba ndiye mwenye neno. Mtoto akiugua anaitwa mjomba. Akitaka kuolewa, nikaha itasimamiwa na walii wa upande wa baba, hiyo haina mjadala, lakini posa haipokelewi kama mjomba hayupo.

Mwaisha ndiye mpwa pekee niliyenaye.

Maishani sijawahi kuwa mtu mkubwa mahali popote. Sina cheo, msikitini nakaa safu za nyuma. Ila kwa yule binti nilikuwa mjomba, na hicho ndicho kitu kimoja ambacho sikuwa tayari kukipoteza kwa namna yoyote. Hayo mengine yote niliyoyafanya yalitokana na hofu hiyo.

Tuje kwenye tela.

Nililipata kwa mhadhiri mmoja wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao. Lile tela la kulala ndani, lina kitanda, meza ya kukunja, sinki dogo na madirisha mawili ya kusukuma. Alilitumia kwenda mbugani, halafu likakaa miaka chini ya turubai mpaka panya wakahamia.

Mimi nikaona mchongo. Wageni wengi wanataka kulala Uluguru lakini hema hawaliwezi. Mvua, baridi, siafu. Nikasema nitalivuta mpaka Nyandira kule juu Mgeta, nitawawekea taa, friji dogo la vinywaji, sehemu ya kuchajia simu. Dada atapika. Yeye aliuza supu na chapati Msamvu karibu na stendi kwa miaka mingi, na mikono yake ilikuwa inajulikana.

Dada alifurahi kuliko mimi. Alishona mapazia mwenyewe.

Kilichobaki ni umeme. Ndipo nikamwita Stephano.

Stephano Maganga, fundi sola, Mnyamwezi wa Tabora. Banda lake lilikuwa Msamvu. Watu wa Moro mliomtumia mnajua kazi yake, waya zake zilikuwa zimenyooka mpaka unaona aibu kuzifunika.

Na mnajua mdomo wake.

Wanyamwezi na sisi ni watani tangu enzi za mababu waliokuwa wanapita hapa na mizigo vichwani. Stephano ananizidi umri mbali, lakini katika miaka kumi sikuwahi kumpa shikamoo ikapokelewa. Nikimwamkia ananiuliza nimeiba wapi adabu. Mimi namwambia arudi kwao akalime karanga. Yeye ananiambia siku nikifa atakuja mapema awahi ubwabwa. Hivyo ndivyo tulivyosalimiana, kila siku ya Mungu.

Alikuja asubuhi moja, akazunguka tela, akauliza nitawasha nini na nini. Akachana boksi, akapiga hesabu kwa kalamu. Akasema taa si tatizo, simu si tatizo, mlaji humo ndani ni friji. Akasema kama mfuko unaruhusu nichukue betri moja ya lithiamu nilale usingizi. Kama hauruhusu, betri kavu mbili, za aina moja, ukubwa mmoja, zinunuliwe siku moja.

Nikamwambia mbona moja ninayo.

Nilikuwa na betri ya mnara. Hizi zinazotolewa kwenye minara ya simu zikichoka, watu wanaziuza mtaani. Jamaa yangu alinipa. Kubwa, nzito, kwa macho haina mkwaruzo. Nikachukua mita yake mwenyewe Stephano nikapima, ikasoma kumi na mbili pointi nane.

"Nzima hiyo," nikasema.

"Mluguru, hata maiti ikilazwa vizuri utasema imelala. Ipe mzigo."

Akaifunga taa kubwa ya gari. Namba zikaanza kushuka polepole. Zilipofika kumi na moja na kitu akaitoa, akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba betri ina vyumba sita ndani, na kimoja cha ile kinakufa. Nikiifunga pamoja na mpya, sola itakuwa inajaza na kujaza, kontrola, kile kifaa cha kupima chaji, haitajua kwamba zimeshiba, kwa sababu ile mgonjwa haishibi. Itachemka.

"Itachemka kama chai?"

"Kama supu ya msiba wako."

Nikacheka. Niseme nini? Huyo ndiye Stephano, hata ukimuuliza saa anakujibu kwa msiba wako.

Akataka sanduku la betri likae nje, kule mbele tela linapofungwa kwenye gari. Hapo nikakataa kabisa. Betri za sola zinavyoibiwa nchi hii, uziweke nje halafu ulale? Tukavutana mpaka tukakubaliana zikae chini ya kitanda, lakini kwa sharti lake. Akatoboa tundu kwenye sakafu, akaweka na kipande cha bomba. Akasema betri inapumua na pumzi yake haifai kwa mtu.

Akafunga betri moja mpya. Ile ya mnara akagoma kuigusa.

Akiwa anakusanya vifaa vyake akaniambia hivi, na maneno haya nayakumbuka neno kwa neno:

"Hiyo ya mnara ukiifunga na hii, halafu ukailalia, utazika mtu. Na mimi nitakuja msibani nile, na betri naondoka nazo."

Dada alikuwa pale mlangoni na sinia la maandazi. Alicheka mpaka sinia likayumba.

Mimi nikamjibu atangulie yeye kufa, betri nitamwekea kaburini.

Siku mbili baadaye nikaifunga ile ya mnara mwenyewe.

Nilitazama video moja kwenye simu. Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, dakika kumi nimemaliza. Friji likakoroma siku nzima bila kuzima. Nikajiona fundi.

Halafu tukaenda safari ya majaribio, mimi na dada tu, wageni wetu wa kwanza walikuwa waje wiki inayofuata.

Barabara ya kupanda Mgeta wanaoijua wanaijua. Vumbi lilitimka mpaka nikaona nyuma kama moto. Tulipofika Nyandira na kufungua tela, vumbi jekundu lilikuwa limepanda kupitia lile tundu la sakafu, limetulia juu ya shuka jeupe alilotandika dada. Dada akasikitika, alikuwa amelipiga pasi.

Nikachukua kipande cha sponji cha godoro, nikakisokomeza kwenye bomba la Stephano, nikazungushia selotepu nyeusi.

Basi. Ndicho nilichofanya. Nilitaka shuka lisichafuke.

Tulilala mahema usiku huo, mimi langu yeye lake, kwa sababu tela tulikuwa tunalitunzia wageni. Asubuhi ilikuwa na ukungu, baridi ya kukata masikio. Dada akaamka alfajiri kujaribu mapishi. Kufika saa tano mawingu yakafunguka ghafla, jua likashuka kali, lile jua la milimani ambalo linachoma huku upepo unakugandisha.

Paneli juu ya paa zikaanza kula jua lote hilo.

Dada akasema kichwa kinamuuma, amechoka, anataka kujinyoosha kidogo. Nikamwambia alale kwenye tela, kitanda kizuri, na yeye ndiye awe mgeni wetu wa kwanza. Akafurahi kama mtoto.

Akaingia. Kidogo akachungulia dirishani.

"Mdogo wangu, humu mbona kunanuka mayai viza?"

Nikacheka. Nikamuuliza kama ni yeye. Akaniambia nikome. Tukacheka wote wawili.

Halafu nikamwonyesha shamba la pembeni. Kulikuwa na kabichi zimeachwa zinaoza, wenye gari hawakuja kuzichukua wiki ile. Mtu yeyote aliyepita Mgeta wakati wa kabichi anaijua ile harufu. Nikamwambia ni hizo, upepo unazileta. Nikasukuma dirisha lake nikalifunga kwa nje ili harufu isiingie. La upande wa pili lilikuwa limeshafungwa kwa ajili ya baridi.

Nilimfungia dada yangu dirisha kwa mkono wangu huu ninaoandikia.

Nikaondoka kwenda kwa mama Esther, mwenye shamba, kuongea naye habari za sehemu ya kuegesha. Ni mama mkarimu, akanichemshia njegere. Nikakaa kama saa mbili.

Niliporudi nikagonga. Kimya. Nikafungua mlango.

Ile harufu haikuwa ya kabichi.

Dada alikuwa amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Nilimwita, nikamshika bega, nikamtikisa. Nikajua. Mtu akifariki unajua, hata kama hujawahi kuona.

Nikafunua ubao wa kitanda. Betri ya mnara ilikuwa imevimba tumbo, ya moto huwezi kuweka kiganja. Inatoa sauti, ndani kunatokota.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mahali penyewe.

Kitu cha kwanza nilichofanya hakikuwa kupiga kelele. Nilichomoa waya za ile betri ya mnara. Nikafungua madirisha yote. Nikapunga hewa kwa khanga yake mpaka harufu ikapungua. Nikarudisha ubao, nikatandika shuka vizuri.

Halafu ndipo nikakimbia kumwita mama Esther huku nalia.

Na nililia kweli, msidhani naigiza. Vitu vyote viwili vilikuwa vya kweli kwa wakati mmoja.

Kituo cha afya waliuliza alikuwa na ugonjwa gani. Nikasema presha. Ni kweli alikuwa na presha, alimeza dawa. Wakaandika. Jioni tukawa njiani kurudi mjini na mwili, kesho yake tukazika.

Mwaisha alikuwa mwaka wa kwanza chuoni, pale Mazimbu. Alishika mkono wangu kaburini hakuuachia mpaka watu walipotawanyika. Aliniambia, "Mjomba, sasa nimebaki na wewe."

Nikamwambia ndiyo.

Siku ya tatu ndiyo Stephano akaja na spana.

Baada ya kufunga zile betri kwenye pikipiki alinifuata pale nilipokaa. Watu wakajua anakuja kunidai haki ya mtani. Akainama, akanipa mkono wa pole kwa mikono yake miwili. Uso wake haukuwa na kicheko hata kidogo.

Alipoachia, kwenye kiganja changu kulikuwa na kipande cha sponji kimezungushiwa selotepu nyeusi.

Akarudi kwenye pikipiki. Akaondoka.

Nilielewa. Aliona betri ya mnara imevimba, akaona bomba limezibwa, akajua kila kitu. Na angeweza kunyoosha kidole mbele ya ukoo mzima. Badala yake akatumia utani kutoa kile kitu nyumbani kwetu kabla mwenye akili hajakiona, na kabla mimi mpumbavu sijakitumia tena.

Alinificha. Mnyamwezi wa watu, tena baada ya kumcheka.

Mngetegemea nimshukuru.

Baada ya arobaini maneno yakaanza mtaani. Jirani yetu Abasi, dereva wa malori, alisikia huko kwenye safari zake kwamba betri za sola zina gesi, zimewahi kuua watu. Akaunganisha. Kwa nini yule fundi alikimbilia betri? Msiba una vitu vingi, kwa nini betri? Si alikuwa anaficha kazi yake mbovu?

Walinijia kijiweni, watu wanne watano. Wakaniuliza mimi ndugu wa marehemu nasemaje.

Nilikuwa na nafasi. Sentensi moja tu ingetosha.

Nikatazama chini, nikasema, "Mungu ndiye anajua."

Nikakausha.

Jamani, hakuna maneno mabaya kama hayo ukiyasema wakati na wewe unajua. Walichukua kimya changu wakakifanya ushahidi. Wiki haikuisha, kijiwe kizima kikawa kinasema fundi Stephano alimuua Mwanvita kwa betri mbovu na ndugu wameamua kumwachia Mungu.

Wateja wakakata mguu. Shule moja iliyokuwa impe kazi ikatafuta fundi mwingine. Kuna mtu aliandika "muuaji" kwa mkaa kwenye mlango wa banda lake. Miezi minne tu, akafunga, akahamia Ngerengere, nikasikia anatengeneza pasi na redio.

Hakunijia, hakunipigia, hakumwambia mtu.

Nami nikaendelea kuwa mjomba. Nilimsimamia Mwaisha mpaka akamaliza chuo. Kila Idi nilimpelekea nyama, kila alipoumwa nilikuwepo. Watu walinisifia. Nilizipokea hizo sifa.

Sasa juzi.

Mwaisha kapata mchumba, mwalimu mwenzake, kijana wa Kilosa mwenye adabu zake. Wakaleta taarifa kwamba wanataka kuja na posa. Mimi nikanunua kanzu mpya. Miaka yote hiyo ya kubeba ule uchafu moyoni, nikasema angalau siku hiyo nitakaa kwenye mkeka wa mbele nitamke neno la ukoo.

Binti akaniita tuonane Mazimbu, kwenye mgahawa wa nje aliokuwa anapenda alipokuwa mwanafunzi. Saa nne asubuhi. Akanipa shikamoo kama kawaida, akaniagizia chai. Halafu akaweka simu mezani.

"Mjomba, kuna voisi ya mama. Alinitumia siku ile."

Akabonyeza.

Sauti ya dada. Miaka mitatu sijaisikia. Nyuma yake upepo unavuma.

"Mwaisha mwanangu, nimefika salama huku na mjomba wako. Huku baridi halafu jua kali, hata sielewi. Humu kunanuka mayai viza, mpaka macho yananiwasha. Nimemwambia mjomba wako anasema kabichi. Kuna katundu chini ya kitanda jana kakaziba kwa sponji, nilitaka nikazibue, nikaona ataninunia, vumbi likirudi atasema mimi. Haya, acha nilale kidogo. Ule, usishinde na chai."

Ikaisha.

Chai yangu ilikuwa mbele yangu. Niliiangalia, sikuweza kuinua uso.

"Ilinifikia jioni ile, mtandao uliporudi," akasema. "Nikaisikiliza ulipokuwa umetoka tu kunipigia kuniambia mama amefariki kwa presha."

Alijua. Tangu siku ya kwanza. Pale kaburini aliponishika mkono, alikuwa anajua.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Arobaini ikapita. Fundi akafukuzwa mji. Kila Idi ukija na nyama nasema leo atasema."

Akaniambia alishamfuata Stephano Ngerengere, mara mbili, akimwomba amweleze ilivyokuwa. Mzee akakataa kufungua mdomo. Alimjibu tu, "Muulize mjomba wako. Mimi mtani, maneno yangu huwa hayaaminiki."

Nikaanza kuomba radhi. Nilisema mengi, sijui hata niliyosema. Sikukusudia. Dirisha nililifunga kwa ajili ya harufu. Nilitaka shuka lisichafuke. Binti akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima yote, na nadhani heshima ile ilikuwa mbaya kuliko kama angenitukana.

"Sponji nakusamehe, mjomba. Hata dirisha. Hukujua. Ila fundi Stephano ulijua."

Kisha akaniambia posa itapokelewa na mzee Stephano, ameshamwomba na amekubali.

"Mtani hapokei posa," nikasema. Mpaka pale bado nilikuwa napigania mkeka.

"Na mjomba hauzi jina la mtu."

Akasimama, akalipa chai. Akaniambia wale waliomkimbia fundi wako kwenye simu siku hizi, niwaandikie huko huko, kwa jina langu na jina lake. Nisipoandika yeye ataiweka ile voisi, lakini angependa niseme mwenyewe.

Kwa hiyo ndugu zangu, hii ndiyo sababu mnasoma.

Stephano Maganga hakumuua Mwanvita. Alikataza. Betri ya mnara niliifunga mimi. Tundu niliziba mimi. Dirisha nilifunga mimi. Presha niliisema mimi, na kijiweni nilikausha mimi. Abasi na wenzako, mlikosea, lakini mimi ndiye niliyewaacha mkosee.

Wenye matela, wenye vibanda, wenye kulala chumba kimoja na betri, nawaambia kwa uchungu: usioanishe betri kuukuu na mpya. Usilale nayo. Ukisikia mayai viza na huna mayai, toka nje kwanza ndiyo ucheke. Na fundi akikwambia jambo la uhai wako, hata kama ni mtani wako, hata kama amelisema huku anacheka, nenda kaliangalie kwanza. Watu wetu wengi ukweli wanaujua kuusema kwa njia hiyo tu.

Jana nilipanda gari nikaenda Ngerengere.

Nilimkuta mchana, amekaa kwenye kibanda cha mabati, anafungua pasi ya mtu. Amekonda. Nilisimama pale mbele nikashindwa pa kuanzia, mwisho nikaanza tunapoanziaga siku zote.

"Mnyamwezi, bado hujafa tu?"

Nilisubiri. Nilisubiri aniambie ubwabwa wangu ndio anaungoja. Anitukane mimi, atukane na mlima wetu wote. Chochote.

Aliweka pasi chini. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasimama, akanivutia kiti.

"Karibu, ndugu Luqmani," akasema. "Habari za nyumbani? Wote hawajambo?"

Nikakaa. Nikajibu hawajambo. Akaniuliza habari za safari, nikasema nzuri. Tukaongea hivyo, vizuri kabisa, mpaka nilipoaga.